Siku saba si kipimo cha bia iliyokwisha kuchachuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie makala ya mafunzo mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu namna mtu asiye na uzoefu anavyoweza kujitengenezea bia nyumbani. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa ni nadra gazeti kulipa jambo hili nafasi ya kutosha, na mwandishi wake ameieleza vizuri siku ya kupika, tangu kupima maji hadi kuzima moto. Hata hivyo, yamo mambo mawili ambayo sikuweza kuyanyamazia. La kwanza ni kauli yake kwamba anayetumia ekstrakti ya kimea hajatengeneza bia, amekoroga tu, na kwamba anayetaka kujifunza kweli aanze moja kwa moja na nafaka. La pili ni zito zaidi, kwa sababu linagusa usalama wa watu: ni lile agizo kwamba bia ikae katika ndoo siku saba, kisha itiwe sukari na kufungwa kwenye chupa. Agizo hilo linaweza kumjeruhi mtu, na nitaeleza kwa vipi, lakini ili lieleweke inanibidi kwanza niseme kidogo kuhusu ekstrakti na nafaka, maana mambo haya mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana.

Ekstrakti ni kimea cha shayiri kilichokwisha kupikwa. Kiwanda huchukua nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, huipaaza, huiloweka katika maji ya moto mpaka wanga wake ugeuke sukari, huyachuja yale maji matamu, kisha huyakoleza hadi ibaki rojo nzito ambayo takriban asilimia 20 yake ni maji, au huyakausha kabisa yawe unga. Anayeiyeyusha ekstrakti hiyo jikoni kwake anarudisha maji yaliyoondolewa, na kuanzia hapo hana tofauti na mwenzake aliyeloweka nafaka: atachemsha kama yeye, atatia hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, kama yeye, atapoza, atatia hamira na kungoja. Kwa lita 20 za bia ya nguvu ya wastani, ambayo haidromita (chombo kinachoelea cha kupimia sukari iliyomo; maji matupu husoma 1.000) inasoma 1.050 kabla ya hamira kutiwa, atahitaji kilo 2.7 hivi za ekstrakti ya unga au kilo 3.3 za ekstrakti ya rojo, ilhali mwenzake wa nafaka atahitaji karibu kilo 5 za kimea, kwa kuwa anayeanza kwa kawaida hapati sukari yote iliyomo katika nafaka. Sioni ni wapi katika shughuli hiyo aliyetumia ekstrakti amepoteza haki ya kukiita kinywaji chake bia.

Ekstrakti ina kasoro zake, na ingefaa makala izitaje hizo badala ya kuibeza. Ile ya rojo huzeeka: kadiri inavyokaa kwenye kopo, hasa mahali pa joto, ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi na kuchukua ladha ya ukale ambayo hakuna hamira itakayoiondoa, kwa hiyo mnunuzi aitazame tarehe kabla ya kutazama picha. Ile ya unga huvumilia zaidi, mradi isipate unyevu, maana ikiupata hugandamana na kuwa ngumu. Kisha kuna yale makopo ya kilo 1.7 yenye ekstrakti iliyokwisha kutiwa hopsi, ambayo maelezo yake mara nyingi humwambia mnunuzi aongeze kilo moja ya sukari nyeupe. Sukari hiyo huliwa yote na hamira. Huongeza kileo bila kuongeza ladha wala uzito mdomoni, na bia inayotokea huwa nyepesi kupita kiasi. Naamini wengi walioikataa ekstrakti waliionja kwa sura hiyo tu. Mtu na aweke kilo moja ya ekstrakti ya unga mahali pa ile kilo ya sukari, na tofauti ataionja mwenyewe. Akumbuke pia kuzima moto kabla ya kuimimina ekstrakti ndani ya sufuria, na kukoroga mpaka iyeyuke yote, kwa sababu ile inayozama chini huungua na kuipa bia nzima ladha ya masizi.

Tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili iko katika nani anayeamua ni sehemu gani ya sukari italiwa na hamira na ni sehemu gani itabaki ndani ya bia. Mwenye ekstrakti ameamuliwa na kiwanda. Mwenye nafaka huamua mwenyewe, kwa kipimajoto. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kubwa. Beta-amilesi hukata ncha za minyororo ya wanga na kutoa maltosi, sukari ambayo hamira huipenda. Hufanya kazi vizuri hadi nyuzi 65 hivi za Selsiasi na huharibika upesi joto linapozidi hapo. Alfa-amilesi huvumilia joto zaidi, hadi nyuzi 70 na ushei, nayo hukata minyororo popote pale, ikiacha vipande virefu viitwavyo dekstrini ambavyo hamira ya kawaida ya bia haivili. Ndiyo maana anayeloweka nafaka kwa nyuzi 64 hupata bia kavu, yaani isiyo na utamu, na nyepesi, na anayeloweka kwa nyuzi 69 hupata bia inayoujaza mdomo, ijapokuwa wote wawili wamepima kimea kile kile kwa uzito ule ule. Ya kwanza huweza kushuka hadi 1.008, ya pili ikakomea 1.016. Nawaomba wasomaji waziweke akilini namba hizo mbili, kwa kuwa nitazirudia nitakapofika kwenye chupa.

Anayetaka kuanza na nafaka simzuii hata kidogo, na wala hahitaji mapipa matatu na pampu kama michoro ya makala ilivyodokeza. Njia ya mfuko, iliyoenezwa na wapishi wa nyumbani wa Australia katika miaka ya 2000, huhitaji sufuria moja kubwa, kipimajoto cha kuaminika na mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo. Kwa lita 10 za bia, mtu atachukua kilo 2.4 za kimea kilichopaazwa na maji lita 15 hivi, atayapasha hadi nyuzi 70, kisha ataimimina nafaka polepole huku akikoroga, ili yasijitokeze madonge ambayo nje yamelowa na ndani ni makavu. Joto litashuka hadi karibu nyuzi 67, kwa sababu nafaka iliingia ikiwa baridi. Azime moto, afunike, aizungushie sufuria blanketi, na baada ya dakika 60 aunyanyue mfuko na kuuacha uchuruzike. Maji yanayobaki ndiyo atakayoyachemsha. Ningemshauri ayaonje mara tu baada ya kukoroga na ayaonje tena mwishoni. Mwanzoni ni meupe, yana ladha ya unga na yameparara ulimini. Saa moja baadaye yamekuwa ya dhahabu, yananata kidogo kwenye vidole, na ni matamu kiasi kwamba asiyejua atasema yametiwa sukari. Hilo mwenye ekstrakti halioni, na nakiri kwamba ni hasara. Ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi yanayoweza kutokea jikoni.

Iko pia njia ya kati, ambayo makala haikuitaja kabisa: kutumia ekstrakti kwa sukari na nafaka kidogo kwa rangi na harufu. Kimea cha karameli, kwa mfano, wanga wake umekwisha kugeuzwa sukari wakati wa kukaangwa, kwa hiyo hakihitaji kipimo cha joto cha uangalifu. Nusu kilo yake katika mfuko mdogo, ndani ya maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika 20 au 30, hutosha kuibadilisha bia ya ekstrakti isitambulike. Shayiri mbichi ambayo haikuoteshwa haifai kwa njia hii, kwa kuwa wanga wake hauna cha kuugeuza, na hutia ukungu ndani ya bia.

Kuhusu maji, kanuni ni nyepesi kwa mwenye ekstrakti, kwani madini yanayohitajika yalikwisha kuwekwa na maji ya kiwanda. Maji yoyote safi yenye ladha nzuri humfaa. Mwenye nafaka ana zaidi la kufikiria: nafaka inayoloweka hutaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kati ya 5.2 na 5.6, na kalsiamu isiyopungua miligramu 50 kwa lita husaidia. Klorini ndiyo isiyomwacha yeyote salama. Ikikutana na kemikali ziitwazo fenoli za kimea na za hamira hutoa harufu ya plastiki na ya plasta za vidonda, hata ikiwa ni kidogo mno. Kidonge kimoja cha metabisalfaiti hutosha kuiondoa katika lita 75 za maji, na sehemu ya kidonge ikisagwa hutosha ndoo ya anayeanza.

Habari za kuchemsha sitazirefusha, makala imezieleza vizuri. Niongeze tu kwamba sufuria iachwe wazi ili harufu ya mboga iliyochemshwa itoke na mvuke, na kwamba mpishi asiipe mgongo sufuria dakika za mwanzo wa mchemko, maana povu hupanda kwa ghafla na kufurika, na maji yale yenye sukari hung'ang'ania ngozi yanapounguza. Mabaki ya hopsi pia yasitupwe mahali ambapo mbwa anaweza kuyafikia. Kwa mbwa hopsi ni sumu.

Sasa nije kwenye kinachofuata baada ya moto kuzimwa, ambako makala ilitumia aya mbili fupi. Hapa ndipo bia inapopatikana au kupotea, na hapa ndipo ubishi wa ekstrakti na nafaka unapoishiwa na maana. Viwanda vya karne ya 19 vilikuwa na nafaka bora, mitambo mikubwa na watu waliozaliwa katika kazi hiyo, na bado matangi mazima yaliwaharibikia. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alieleza mwaka 1876 jinsi vijidudu vinavyoiharibu bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, Denmaki, akafaulu kuotesha hamira safi iliyotokana na seli moja, na kuthibitisha kwamba hamira nyingine za porini zinaweza kuichafua bia vile vile. Hakuna lililokuwa limebadilika katika nafaka. Ilipatikana hamira iliyojulikana na kulindwa. Anayeanza leo hununua ushindi huo katika pakiti ya gramu 11, inayotosha lita 20, na anachodaiwa ni kutouharibu.

Asiuharibu kwa uchafu, kwanza. Kusafisha ni jambo moja na kuua vijidudu ni jambo jingine: ndoo yenye utando wa mabaki ya zamani haiwezi kuuliwa vijidudu hata ikilowekwa katika dawa usiku kucha, kwa sababu vinajificha chini ya utando huo. Isuguliwe kwa kitambaa laini, maana brashi ngumu huchora plastiki, na katika michoro hiyo ndimo bakteria wanamokaa. Baada ya hapo itiwe dawa. Kila kitakachogusa maji ya kimea yakishapoa, iwe mwiko, mpira wa kunyonyea, kipimajoto au mkono, kipitie dawa hiyo.

Asiuharibu kwa joto, pili. Maji ya kimea yapozwe upesi, kwa kuiweka sufuria katika beseni la maji baridi yanayobadilishwa, hadi yafike nyuzi 20 au chini kidogo, ndipo hamira itiwe. Hamira nyingi za bia za kuchachuka kwa joto la kawaida hufanya vizuri kati ya nyuzi 18 na 20. Zikizidi hapo sana hutoa vileo vizito vinavyochoma koo na kuipa bia harufu ya rangi ya kupakia. Na kosa linalofichika ni hili: bia inayochachuka hujipasha yenyewe, ikawa nyuzi kadhaa juu ya hewa ya chumba, kwa hiyo chumba chenye nyuzi 22 kinaweza kuwa na ndoo yenye nyuzi 26 ndani yake. Kipimajoto kibandikwe ubavuni mwa ndoo, kisitundikwe ukutani. Ndoo ikiwekwa ndani ya beseni la maji na kufunikwa kwa fulana iliyolowa ambayo pindo lake linagusa maji, joto hushuka kwa nyuzi kadhaa bila umeme wowote. Asiye na namna ya kupoza atafute hamira ya kveik ya wakulima wa Norwei, ambayo huchachua vizuri hata katika nyuzi 30 na zaidi. Bia ya lager, inayotaka nyuzi 9 hadi 13 kwa wiki kadhaa, isiwe ya kwanza.

Nimefika kwenye zile siku saba. Kasi ya hamira hutegemea joto, wingi wake, afya yake na aina ya sukari iliyoikuta. Bia ile ile ambayo katika nyuzi 20 ilimaliza kwa siku nne au tano, katika nyuzi 15 huweza kuchukua wiki mbili na zaidi, na nyingine hukwama njiani kisha ikaamka upya siku ikipata joto. Mapovu ya kwenye kizibo cha hewa, kile kinachotoa gesi ndooni bila kuingiza hewa, nayo hayathibitishi lolote: mfuniko usiobana vizuri huipitisha gesi pembeni huku kizibo kimetulia, na ndoo iliyokwisha kumaliza huendelea kutoa mapovu chumba kinapopata joto, kwa sababu gesi iliyoyeyuka inatoka. Kwa hiyo anayefuata kalenda, au anayefuata macho yake tu, hajui kama sukari imekwisha.

Sukari iliyobaki hufanya nini ndani ya chupa iliyofungwa, hilo linaweza kuhesabiwa. Haidromita ikishuka kwa nukta moja, tuseme kutoka 1.011 hadi 1.010, hamira imetoa gesi ya kaboni dayoksaidi inayokaribia nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Bia ya kawaida ya chupa hubeba gesi ya mara mbili na nusu ya ujazo wake, na ile sukari ya kutia chupani hupimwa ili ifikie hapo. Sasa mtu ameitii makala. Siku ya saba bia yake, bila yeye kujua, inasoma 1.016, na ilikuwa ishuke hadi 1.010. Nukta 6 hizo zitaleta gesi ya mara tatu ya ujazo juu ya ile iliyokusudiwa, na jumla itakuwa mara tano na nusu. Katika nyuzi 20, kioo kitakuwa kinasukumwa kwa mgandamizo wa angahewa 5 hivi, ambao ni zaidi ya mara mbili ya ule ulio ndani ya tairi la gari dogo. Chupa nene za shampeni zimetengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Chupa ya kawaida ya bia haikutengenezwa kwayo, na ikipasuka hurusha vigae chumba kizima, na mara nyingi huzipasua na zile zilizo kando yake.

Hapo ndipo zile namba mbili zinaporudi. Mtu hawezi hata kuambiwa kwamba bia yake imekwisha ikifika 1.010, kwa sababu 1.016 huenda ni mwisho halali wa bia iliyolowekwa kwa nyuzi 69 au ya ekstrakti yenye dekstrini nyingi, na hiyo hiyo 1.016 huenda ni katikati ya safari kwa bia iliyolowekwa kwa nyuzi 64. Kinachoaminika ni utulivu wa kipimo. Bia ipimwe, ipimwe tena baada ya siku tatu, namba zikiwa sawasawa, na ziko karibu na pale hamira ya aina hiyo inapotarajiwa kufika, ndipo chupa zioshwe. Ikiwa zimetulia juu mno, kwa mfano 1.020, jambo ambalo bia za ekstrakti hulifanya wakati mwingine, ndoo isogezwe mahali pa nyuzi 22, itikiswe taratibu ili hamira iliyolala chini iinuke, na ingojwe tena.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano, na inasikitisha kwamba makala iliiorodhesha haidromita miongoni mwa vifaa vya hiari. Bia kidogo hutolewa kwa bomba au kwa sirinji kubwa iliyotiwa dawa na kumiminwa katika mrija mrefu uliosimama. Haidromita hutumbukizwa na kuzungushwa kwa vidole ili mapovu yaliyoing'ang'ania yaachie, kwani mapovu huiinua na kuidanganya. Ikitulia, jicho lishushwe liwe usawa na bia, na isomwe pale uso wa bia ulipo tambarare, si pale unapopanda kidogo kwenye kioo. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo bia yenye joto zaidi itasoma chini ya ukweli. Sampuli isirudishwe ndooni, inyweke. Ladha yake itasema mengi: harufu ya tofaa bichi au ya siagi inaonyesha kwamba hamira bado ina kazi ya kufanya, na ikiachwa siku kadhaa zaidi huzisafisha harufu hizo yenyewe. Bia haidhuriki kwa kukaa juu ya hamira yake wiki mbili au tatu, kwa hiyo anayengoja hapotezi kitu. Namba mbili hizo, ya mwanzo na ya mwisho, humpa pia kileo: tofauti yake ikizidishwa kwa 131, bia iliyotoka 1.050 hadi 1.010 ina takriban asilimia 5.2.

Sukari ya kutia chupani nayo ipimwe kwa mizani. Gramu 6 kwa lita zinatosha, yaani gramu 120 kwa lita 20, na isigawanywe kwa kijiko chupa moja baada ya nyingine, kwa kuwa kijiko hakilingani na kijiko. Ichemshwe katika maji kidogo, ipozwe, imiminwe ndani ya ndoo safi ya pili, kisha bia ihamishiwe juu yake kwa mpira ambao mwisho wake umelazwa chini, ili ichanganyike bila kurushwarushwa. Oksijeni ikiingia wakati huu huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa baada ya wiki chache. Chupa ziwe za kahawia, kwa sababu mwanga huzigeuza kemikali za hopsi kuwa harufu mbaya sana ndani ya muda mfupi, na ziwe zile nzito za kizibo cha kubana; zile nyepesi za kizibo cha kuzungusha ziachwe.

Nasisitiza hatari ya chupa kwa sababu nyingine pia. Watu wengi huogopa bia ya nyumbani kwa kudhani ina methanoli ya kupofusha macho, wakaacha kuogopa kinachostahili. Kimea kilichochachuka hakina methanoli ya kiasi cha kudhuru, na uchachu wa bia, kileo chake na hopsi huwazuia vimelea vya magonjwa kustawi. Kukeneka kinywaji kikali ni jambo jingine kabisa, lenye hatari zake na makosa yake kisheria katika nchi nyingi. Kwa bia yenyewe sheria hutofautiana. Uingereza iliondoa sharti la leseni mwaka 1963, na Marekani iliwaruhusu watu wazima kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, kwa matumizi ya nyumbani na si kwa kuuza. Kila msomaji ajue ya nchi yake kabla hajanunua sufuria.

Ninachoomba, Mhariri, ni mchapishe sahihisho, mahali pale pale ilipotoka makala na kwa herufi zisizopungua zile, mkiliondoa agizo la siku saba na kuweka mahali pake vipimo viwili vya haidromita vinavyolingana, vilivyopishana siku tatu. Kauli kuhusu ekstrakti mwaweza kuiacha kama maoni ya mwandishi. Wasomaji watajionea wenyewe.

Na kwa wale waliokwisha kujaza chupa kwa kufuata makala, naomba barua hii isisubiri zamu yake. Wasizisogeze chupa kwa mikono mitupu. Wavae glovu nene, koti zito na miwani ya kukinga macho, waziweke ndani ya sanduku imara lenye mfuniko, kisha wazipeleke kwenye friji, kwa kuwa baridi huilaza hamira na kuirudisha gesi ndani ya bia. Zikishakaa humo siku nzima, moja ifungwe taulo na kufunguliwa juu ya sinki. Ikifurika, nyingine zote zifunguliwe moja moja kwa namna hiyo hiyo, zikiwa bado baridi, zitoe gesi, ndipo zifungwe upya au zimwagwe. Asiye na friji ya kutosha aziache zilipo, azifunike kwa blanketi nene, awazuie watoto kuingia katika chumba hicho, na azifungue chache chache kadiri anavyopata barafu ya kuzipozea.

Wenu,
Msomaji na mpishi wa bia ya nyumbani